Nyumba Tayari, Mnara Bado

Fundi wa televisheni huujua mji kwa kuangalia juu. Mwaka 2012 ukipanda paa la nyumba ya Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, ulikutana na antena za vijiti vya alumini zilizofungwa kwenye mianzi na mabomba ya maji, zote zimeelekea mnarani. Juba, Sudan Kusini, niliyoikuta mwaka uliofuata haikuwa na sura hiyo. Nyumba ya tofali ya Hai Malakal, kibanda cha chai cha Munuki, hata tukul ya udongo kule Gudele yenye jenereta ndogo mlangoni, zote zilikuwa na dishi. Na madishi yenyewe yalikuwa makundi mawili, moja limeegemea magharibi, jingine limelala karibu chali.

Sababu ni jiografia tu. Juba iko nyuzi tano kasoro kaskazini ya ikweta, na setilaiti za matangazo hukaa juu ya mstari wa ikweta. Ile iliyo nyuzi 36 mashariki, inayobeba vifurushi vya kulipia vya ukanda wetu, iko karibu utosini mwa mji, kiasi kwamba dishi kubwa la duara lenye kichwa katikati hutegwa kwa zaidi ya nyuzi 80 kutoka ardhini. Likitegwa hivyo hukinga mvua, majani ya mwembe na mipira ya watoto, na fundi asiyetoboa tundu la kutolea maji ataitwa tena kabla ya Mei kwisha. Nilesat ya Wamisri iko nyuzi 7 magharibi. Dishi lake husimama kwa nyuzi 45 hivi, likiutazama upande wa Jebel Kujur. Nilijifunza kuyatumia yote mawili kama watabiri wa hali ya hewa. Wingu zito likitanda juu ya Jebel Kujur, picha ya Nilesat huganda kabla tone la kwanza halijadondoka uani, kwa sababu mawimbi yanapita kwenye mvua ambayo bado haijakufikia wewe. Lile lililolala chali haligandi mpaka mvua iwe juu ya kichwa chako. Wenye nyumba wakiniona nimesimama mbele ya televisheni ya mtu nikimwambia mkewe aanue nguo, walidhani ni uganga.

Ninayasema haya ya madishi kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilizungumza sana kuhusu kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, uliziwekea Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati tarehe ya mwisho: Juni 17, 2015. Serikali zikaunda kamati, zikatangaza awamu, zikachapisha mabango. Lakini Nilesat ilianza kurusha mwaka 1998, na tangu siku ya kwanza ilirusha kwa dijitali. Yule mama wa kibanda cha chai Munuki, ambaye hakuwahi kusikia habari za Geneva, alikuwa amekwisha kuhama. Alinunua dishi, kichwa, waya na risiva sokoni Konyo Konyo, akamlipa kijana ampandishie, basi. Hakuna waziri aliyekuja kubonyeza kitufe.

Dar ilikuwa kinyume chake kabisa, na mimi nilikuwepo. Usiku wa Desemba 31, 2012, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima mitambo ya analojia jijini, ikawa ya kwanza katika ukanda huu. Dodoma, Tanga, Mwanza na miji mingine ikafuata miezi ya mbele. Kila kitu upande wa juu kilikuwa tayari. Minara ipo, leseni zimetolewa, makampuni ya kurusha yamejenga, redio zinaimba tangazo lile lile asubuhi na jioni. Kilichokuwa hakijawa tayari ni sebule za watu.

Siku za mwisho wa mwaka ule, pale Kariakoo tulifanya kazi mpaka maduka yakatufungia nje. Mtu anakuja na king'amuzi kipya kwenye mfuko, anakwambia, fundi, nimeshanunua, twende ukaniunganishie. Unafika nyumbani kwake Tandale unakuta televisheni ya chogo yenye umri wa mtoto wake wa kidato cha nne, na nyuma yake kuna tundu moja tu, la antena. King'amuzi kinatoa picha kwa waya zile za vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Hapo hakuna pa kuchomeka. Inatakiwa modyuleta katikati, kidude kidogo cha kugeuza picha ili televisheni idhani bado inapokea analojia. Modyuleta haikutajwa kwenye tangazo lolote. Mwingine antena yake ilifaa kwa masafa ya zamani, VHF, wakati matangazo mapya yalikuwa UHF. Mwingine waya wake umeliwa na jua, na kwa analojia hilo halikumsumbua, alizoea chenga kidogo kwenye picha kama watu wanavyozoea bati linalovuja. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha unapata picha safi, yakipungua kidogo inaganda vipande vipande, yakipungua tena kidogo unapata kioo cheusi na maandishi. Nyumba iliyokuwa inaona kwa shida, kesho yake haikuona kabisa. Wengi waliamini wameuziwa kifaa kibovu.

Gharama ya boksi ndiyo iliyojadiliwa magazetini. Niliyoyaona mimi ni kwamba boksi lilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Waya mpya, nguzo ndefu zaidi, modyuleta, fundi, na baada ya hayo kile kilichowaumiza wazee kuliko vyote: habari ya kulipia kila mwezi. Mzee mmoja mstaafu wa reli aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Alikuwa amenunua televisheni yake mwaka wa 1990 na kitu, televisheni ni yake, antena ni yake, paa ni lake, sasa analipia nini? Kwa sheria chaneli za kitaifa zilipaswa kubaki bure hata kifurushi kikiisha, na mara nyingi zilibaki. Lakini mpaka mwaka 2018 jambo hilo lilikuwa bado linavutaniwa, TCRA ikayaamuru makampuni ya setilaiti yaziondoe chaneli hizo za bure kwenye vifurushi vyao, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia. Mtu aliyenunua dishi ili aone ITV na TBC akajikuta ana mpira wa Hispania na hana taarifa ya habari ya saa mbili.

Kwa hiyo nilivuka Nimule nikiwa na picha hiyo kichwani: serikali tayari, nyumba bado. Juba ikanionyesha upande wa pili wa shilingi, na upande huo umenifundisha zaidi.

Tuanze na umeme, maana Juba kila hadithi huanza hapo. Mji ule, makao makuu ya nchi yenye mafuta, kwa miaka yangu ya mwanzo haukuwa na umeme wa mtandao wa kutegemea. Kahraba mafi, hakuna umeme, watu walikwambia, kwa sauti ya mtu anayekutajia siku ya wiki. Mwenye uwezo aliwasha jenereta saa moja jioni akaizima saa nne. Petroli ilipopotea, na ilipotea mara nyingi, iliuzwa barabarani kwenye chupa za maji, akina mama wamekaa nyuma ya meza ndogo wamezipanga kwa saizi. Katika mazingira hayo swali la analojia na dijitali linageuka kuwa swali la wati.

Nilikuwa nawapigia wateja hesabu kwenye karatasi. Televisheni ya chogo ya inchi 21 hula wati 70 hadi 80. King'amuzi hula kama 10. Ukiwa na betri ya gari ya Ah 60, unayo nguvu ya wati-saa 720, lakini ukiifyonza zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 360. Chogo inataka inveta, na inveta nayo hula chake. Hapo unapata saa tatu na nusu, pengine pungufu. Chukua sasa televisheni bapa ya LED ya inchi 19 inayotumia volti 12 moja kwa moja: wati 25 au chini yake. Betri ile ile inakupa saa kumi. Mteja akiniuliza anunue risiva gani, nilimjibu kwamba kwanza auze chogo. Wauzaji wa risiva hawakunipenda kwa hilo. Lakini nyumba zilizobadilisha kioo kabla ya kubadilisha boksi ndizo zilizodumu hewani, na paneli ndogo ya sola juu ya bati ikawa, kwa maoni yangu, kifaa cha televisheni kuliko hata dishi.

Pesa nayo ilikuwa na mambo yake. Vifurushi tulivilipia kwa dola. Hadi Desemba 2015 bei rasmi ya dola ilikuwa chini kidogo ya pauni 3 za Sudan Kusini; serikali ilipoiachia sarafu, dola ikaruka kupita pauni 18 kwa mpigo. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akilipia kifurushi cha kati, mwezi uliofuata mshahara wake wote haukufika mbali. Nilishuhudia jinsi mji unavyoweza kurudi kwenye Nilesat ndani ya wiki chache. Nilikuwa nashusha kichwa cha kulipia na kupandisha cha bure, nyumba baada ya nyumba, watoto wakilalamika kuhusu katuni na baba zao wakilalamika kuhusu ligi ya Uingereza. Mafundi wengine waliona ni anguko la biashara. Mimi nililipwa kwa kushusha na kwa kupandisha.

Hapo ndipo nilipoujua mpango wa ua. Niliishi Hai Malakal kwenye ua wenye vyumba vya kupanga, mwenye nyumba mama wa Kibari aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi na kurudi na Kiswahili cha sokoni kilichomtosha kutugombeza sote. Dola zilipokuwa ghali, wapangaji tulichanga tukalipia king'amuzi kimoja, nacho kikakaa chumbani kwake. Nikavuta waya kutoka kwake hadi kila chumba kupitia spilita. Yeyote anayejua kazi hii anajua matokeo yake: televisheni nyingi, picha moja. Anachokiangalia mama, ndicho anachokiangalia kijana wa boda kutoka Gulu, ndicho anachokiangalia Mkenya wa duka la vipuri, na mimi.

Siku ya kwanza Mkenya alidhani televisheni yake ina jini. Yuko katikati ya taarifa ya habari, mara Waturuki wanalia kwa Kiarabu. Baraza likakaa chini ya mwembe. Mama mwenye nyumba aliendesha kikao kama anavyoendesha kila kitu, ameshika mwiko.

"Rimoti ni yangu kwa sababu umeme ni wangu," alisema. "Nyinyi mna mchango, mimi nina jenereta."

"Mama, lakini mpira wa Jumamosi," kijana wa boda akaomba.

"Jumamosi nakupa, mwanangu. Lakini petroli ya Jumamosi unaleta wewe."

Ikawa sheria. Anayetaka chaneli yake anakuja na lita yake. Tamthilia ya Kituruki iliendeshwa kwa gharama ya nyumba, mpira kwa gharama ya mashabiki, na habari, ambazo hakuna aliyezitolea lita, zilionwa kwa dakika zile jenereta inapopoa kabla ya kuzimwa. Nimekaa kwenye semina mbili tatu ambako wataalamu walieleza jinsi ya kuiandaa kaya kwa mabadiliko ya teknolojia, slaidi zikiwa na picha ya familia ya watu wanne kwenye kochi. Hakuna slaidi iliyokuwa na ua. Juba, na sehemu kubwa ya Manzese pia, kaya ni ua. Kifaa kinachodhani kila chumba kina mkoba wake, umeme wake na rimoti yake hakijamfahamu mteja.

Kabla sisi hatujaanza kubishana kuhusu lita, majirani walikuwa wamekwisha kuzima mitambo yao. Kenya ilivutana mahakamani hadi Mahakama ya Juu, kisha Februari 14, 2015 mitambo ya vituo vikubwa jijini Nairobi ikazimwa. KTN, NTV na Citizen vikatoweka hewani kwa wiki kadhaa, wenyewe wakidai wapewe muda wajenge mfumo wao wa kurushia. Mkenya wa uani petu alipiga simu nyumbani kwao Kayole kila jioni kuuliza kama picha imerudi, na kila jioni alikuwa na picha nzuri mbele yake, ya Cairo. Uganda ikazima eneo la Kampala katikati ya Juni mwaka ule ule. Matokeo yake tuliyaona Konyo Konyo: machogo ya Kampala, yaliyofutwa vumbi na kupakwa mafuta kidogo kwenye fremu, yakashuka kutoka kwenye malori ya Nimule pamoja na vitunguu na unga. Kila nchi inayohama huacha mabaki, na mabaki hutafuta mji wenye pesa kidogo zaidi. Niliwaambia wateja wasiyaguse, kwa ile hesabu ya wati. Wengine waliyanunua hata hivyo. Bei ilikuwa ya kupendeza, na tumbo la jenereta halionekani siku ya kununua.

Juni 17, 2015 yenyewe ilipita Juba bila mtu yeyote niliyemjua kuitaja. Vita vilivyoanza Desemba 2013 vilikuwa vinaendelea mikoani. Tarehe ya Geneva ilikuwa jambo la mbali sana.

Mpaka hapo ungeweza kusema Juba ilishinda. Watu walihama wenyewe, bila kamati, bila bango, kwa fedha zao. Rafiki yangu mmoja Mtanzania, mhandisi, huisimulia Juba hivyo kila tukikutana: soko limefanya kazi ambayo serikali zimeshindwa. Simkatalii kuhusu nyumba. Lakini nilikuwepo Julai 2016.

Mapigano yalipoanza tena mjini, siku zile za kati ya tarehe 8 na 11, ua wetu ulikuwa na madishi mawili, chaneli mamia, na hakuna hata moja iliyoweza kutuambia kama barabara ya kwenda Custom inapitika. Jenereta haikuwashwa; mlio wake ungetangaza kwamba humu kuna watu na kuna mafuta. Kwa muda mfupi nilichomeka televisheni ndogo kwenye betri, sauti chini kabisa, na Al Jazeera ikatuonyesha Juba. Ilikuwa inaonyesha ramani ya nchi yenye nukta moja, na mtangazaji yuko Nairobi. Nukta ile ilikuwa sisi. Mama mwenye nyumba akaniambia nizime niokoe betri ya redio. Aliyetuambia la maana ni redio: Miraya ya Umoja wa Mataifa, Eye Radio, na Bakhita ya Kanisa Katoliki, pale zilipokuwa hewani, pamoja na simu za ndugu zilipokubali kupita. Siku kadhaa baadaye wengi wetu wa nchi jirani tuliondoka kwa njia ya Nimule, jeshi la Uganda likiwa limeleta msafara kuwachukua watu wake na waliobebeka.

Nimelifikiria jambo lile mara nyingi kuliko nilivyotaka. Antena ya Manzese, pamoja na chenga zake zote, ilielekea mnara wa Dar. Mafuriko yakiingia Jangwani, nyumba ya Manzese iliyaona jioni ile ile kwenye televisheni yake, kwa lugha yake, bure, na jirani asiye na televisheni akayaona dirishani. Dishi la Juba lilielekea Misri na lile jingine lilielekea makampuni ya mpira. Televisheni ya taifa ilikuwepo, SSTV ambayo baadaye ikawa SSBC, na wateja waliokuwa karibu na katikati ya mji waliweza kuipata kwa antena ya ndani. Lakini chaneli moja ya serikali haijengi mazoea ya mtu kupanda paa. Watu hawanunui antena kwa ajili ya chaneli moja. Na mtangazaji mwingine hajengi studio kwenye mji ambao hauna antena. Mduara huo hauvunjwi na mnunuzi wa Konyo Konyo hata awe na pesa kiasi gani, kwa sababu mnara si kitu unachonunua kwa mita na kubeba kwa boda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu mhandisi. Uhamaji wa dijitali una nusu mbili. Nusu ya nyumba, watu wataimaliza wenyewe, wakichelewa kidogo Dar, wakitangulia sana Juba, kwa spilita na lita za petroli. Nusu ya mnara ni ya umma. Dijitali ya ardhini, tukiacha maneno ya mabango, faida yake kubwa ni kwamba masafa yaliyobeba chaneli moja ya analojia yanabeba kumi na zaidi. Kwa Dar, iliyokuwa na chaneli nyingi tayari, hilo lilikuwa nyongeza. Kwa Juba lingekuwa mwanzo: chaneli ya Kibari, ya Kidinka, ya Kinuer, ya Kiarabu cha Juba, ya shule, ya kanisa, kwenye mnara mmoja, kwa gharama ambayo kila mmoja peke yake asingeiweza. Serikali iliyoona kwamba wananchi wake tayari wana madishi ikapumua, kana kwamba kazi imeisha, imekosea kusoma mapaa.

Nilirudi baada ya mkataba wa amani wa Septemba 2018. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, mtambo wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra ukawashwa, umeme ukiuzwa kwa mita za kulipia kabla kupitia shirika la usambazaji, JEDCO. Si wa bei nafuu. Lakini jioni ya kwanza umeme ulipofika uani petu (mama mwenye nyumba alikuwa bado yupo, na rimoti bado mkononi) ile sheria ya lita ilikufa pale pale, na wapangaji wakaanza kudai kila mmoja king'amuzi chake. Kazi ikarudi. Machogo yakaisha karibu yote. Televisheni bapa zilizoletwa kutoka Kampala na Dubai nyingi zina DVB-T2 ndani kwa ndani, hazihitaji boksi kwa matangazo ya ardhini. Wateja waliokaa Uganda hubonyeza kutafuta chaneli, wakingoja orodha ndefu kama ya kule, kisha wananigeukia mimi kama nimeificha. Nyumba zimekuwa tayari mara ya pili, safari hii bila hata kukusudia.

Nawashauri pia wasinunue maboksi ya ardhini yanayoletwa kwa bei ya kutupa. Kenya ilizindua majaribio yake Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na waliowahi kununua wakabaki na maboksi yasiyoshika kitu. Mpaka mtu aone mnara umesimama na mfumo wake umetajwa, fedha yake ina matumizi mengine.

Julai 2024 niliona jinsi kiu hiyo ilivyo. Timu ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini ilicheza na Marekani mjini London tarehe 20, mechi ya kirafiki kabla ya Olimpiki ya Paris, ikapoteza 101 kwa 100, LeBron James akifunga kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde nane. Wiki moja baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, kwenye Olimpiki yake ya kwanza, baada ya wenyeji kupiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Watu niliokuwa nao Munuki walisimama, wakakataa kuimba, wakangoja mpaka wimbo wenyewe ulipopatikana, ndipo wakaimba. Ukumbi ulijaa mpaka nje. Tulikuwa tunaiangalia timu ya nchi hii kwa kifurushi cha kulipia, mwenye ukumbi akitoza kiingilio, na kijana aliyekosa pesa ya mlangoni akifuata matokeo kwa kelele zetu. Mzee mmoja mwalimu aliyekaa karibu nami aliuliza kwa nini mchezo wa watoto wake unamfikia kwa kupitia mfuko wa mtu mwingine. Nilianza kumweleza habari za haki za matangazo. Akanikatiza, akasema hilo analijua, aliuliza kuhusu mnara.

Siku hizi nikisimika nguzo ya dishi, naongeza mita moja ya bomba juu ya dishi, tupu, yenye kifuniko cha kuzuia mvua, na tundu la waya wa pili chini yake. Ni kwa ajili ya antena ya UHF. Kuirudia kazi hiyo baadaye, bati likiwa limezeeka na dishi limeshatulia, ni kuharibu vyote viwili, na gharama yake ni mara nne. Wateja wengi hawaielewi mita hiyo. Mmoja wa Gudele, mfanyabiashara wa simenti, alikataa katakata kulipia chuma cha kitu ambacho hakipo, tukabishana juu ya ngazi mpaka jua likatukuta. Mwishowe tukakubaliana alipe nusu, na nusu nyingine aniandikie kama deni litakalolipwa siku atakapoona picha ya kwanza ya dijitali kutoka mnara wa Juba. Karatasi ninayo, ina sahihi yake na ya shahidi, na shahidi ni mama mwenye nyumba wangu, ambaye alisoma masharti mara mbili kisha akaongeza kwa mkono wake kwamba deni hilo litalipwa kwa dola.